Tura: Mahali pa Kutua Mzigo

Mama msomaji, ukisafiri kwa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, utapita Morogoro, Dodoma na Manyoni, kisha utaingia katika pori refu lisilo na nyumba. Ukilimaliza pori hilo utakuta kituo kidogo kiitwacho Tura, katika Wilaya ya Uyui, zaidi ya kilometa 100 mashariki ya mji wa Tabora. Abiria wengi hupita hapo wakiwa usingizini. Sisi tulishuka.

Kilichotushusha ni wanasesere wa mti. Dada mmoja wa kikundi chetu cha akina mama aliletewa zawadi kutoka Japani: mwanasesere wa mti wa zamani, kichwa mviringo, kiwiliwili kama gogo dogo, hana mikono wala miguu. Kule huitwa kokeshi, na wako watu wanaowakusanya maisha yao yote. Tulipomtazama tukaulizana: je, sisi hatukuwa na wetu? Kama walikuwapo, wamekwenda wapi? Ndipo tukaamua kuifuata njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani mpaka Unyamwezi.

NJIA YA WAPAGAZI

Kabla ya reli, njia hiyo ilikwenda kwa miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita nchi za Wazaramo, Wakwere na Waluguru, ikapanda Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa kiu. Tura kilikuwa kijiji cha kwanza cha Unyamwezi baada ya taabu hiyo. Burton, Mwingereza aliyepita hapa na Speke mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "tua", yaani tua mzigo wako. Mpagazi aliyefika Tura alijua kwamba hatakufa tena njiani kwa kiu.

Tunaposoma habari za misafara, tunasoma za wanaume. Lakini wanawake nao walitembea, na vichwani mwao mlikuwa na vyungu na mikeka. Halima, mpishi wa Daktari Livingstone, alikuwa katika msafara wake Livingstone alipofariki mwaka 1873. Mwili wa Livingstone ulibebwa ukapitia Tabora na kufika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mizigo ikahama kutoka vichwani kwenda kwenye mabehewa.

MTOTO WA MTI

Mwanzoni mwa njia hiyo, kwa Wazaramo na Wakwere, ndiko aliko mwanasesere wetu anayejulikana zaidi. Huitwa mwana hiti. Ni kipande cha mti kilichochongwa kama gogo dogo, chenye maziwa mawili na kichwa chenye kishungi cha nywele. Hana mikono wala miguu, kama yule wa Japani! Wengine walitengenezwa kwa kibuyu au gunzi la mahindi.

Mwana hiti hakuwa mchezo tu. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akapewa mtoto huyo amlee. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele, akalala naye. Wakubwa walimwangalia. Kwa namna anavyomshika mtoto wa mti, walijua atakavyomshika mtoto wa damu. Baadaye mwanasesere yule yule aliweza kupewa msichana mwingine wa ukoo. Kwa hiyo mti mmoja ulipita mikononi mwa wasichana wengi, ukang'aa kwa mafuta na kwa kushikwa.

Katika Unyamwezi penyewe wachongaji walijulikana kwa sanamu ndefu, nyembamba, nyingine zikiwa na shanga machoni. Kiti kimoja cha enzi kutoka Unyamwezi, chenye umbo la mtu lililochongwa mgongoni mwake, kiko katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Vitu vingi vya namna hii vilichukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani, na vingine vikauzwa baadaye na wafanyabiashara waliozunguka vijijini.

WA JAPANI NAO

Kokeshi walianza kutengenezwa miaka ya mwanzo ya karne ya 19 huko Tohoku, kaskazini mashariki ya Japani. Mafundi waliokereza mabakuli na sinia za mti walitumia vipande vya mbao kutengeneza watoto wadogo, wakawauzia watu waliokwenda kuoga katika chemchemi za maji moto. Mkulima aliyemaliza msimu alirudi nyumbani na zawadi ya binti yake. Kila mji una namna yake ya kuchora uso na maua, na wale wa Narugo hulia kichwa kinapozungushwa. Mkusanyaji humgeuza kokeshi atazame chini yake, kwa kuwa mafundi wengi huandika jina lao hapo.

Hapo ndipo tofauti ilipotuchoma. Kokeshi wa bibi fulani wa Japani ana jina la aliyemchonga. Mwana hiti aliyeko ng'ambo mara nyingi ameandikwa jina la kabila tu. Binti aliyemlea hatajwi, wala fundi hatajwi.

BIBI ALITUULIZA

Tura hatukupata mwanasesere wa kununua. Tulichopata ni mazungumzo. Bibi mmoja alitukaribisha chini ya mwembe wake. Tulimsalimu "Mwangaluka", naye akaitikia, kisha akatuuliza shida yetu. Tulipomweleza, alimwita mjukuu wake wa kike. Mtoto alikuja na gunzi la mahindi mgongoni, limefungwa kwa kipande cha khanga.

"Huyu ndiye mnayemtafuta," bibi akasema. "Mimi kaka yangu alinichongea wa mti. Tulipobatizwa, mama aliambiwa kila kilichochongwa ni cha shetani. Akakitia motoni. Nililia siku mbili."

Tulinyamaza. Kisha akauliza: "Sasa ninyi, wajukuu zangu, mnataka kukusanya wa nini? Mtoto hakusanywi. Mtoto hulelewa."

Swali hilo tumerudi nalo, na tunalileta kwako, mama msomaji.

JE, NI SANAMU YA KUABUDIWA?

Sisi ni akina mama Wakristo, na amri ya Mungu juu ya sanamu tunaijua. Nabii Isaya, katika sura ya 44, anamcheka mtu anayeukata mti, nusu akapikie chakula na nusu aisujudie. Lakini tuangalie vizuri anachokilaumu: ni kusujudu. Kitu kilichotumiwa kuomba mizimu hatukiingizi nyumbani kama pambo, hasa kama kitamtia hofu ndugu aliye mchanga katika imani. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya jambo hilo hilo la kumkwaza ndugu. Gunzi la mjukuu wa bibi, hata hivyo, halijaombwa chochote. Limebebwa tu.

Wala hatusemi turudishe kila kitu. Kumfungia binti ndani miezi mingi, kumtoa shule na kumwoza angali mtoto, hayo hatuyataki. Lakini tukiyaacha hayo, ni nani leo anayekaa na binti zetu kuwafundisha mwili wao na malezi ya mtoto? Zamani ilikuwa kazi ya shangazi na bibi, na mtoto wa mti alikuwa kitabu chao. Leo kitabu hakipo, shangazi yuko mbali, na binti anafundishwa na simu. Huo ndio mzigo ambao wengi wetu tumeutua kabla ya kufika.

UKIWA NACHO NYUMBANI

Kama kwenu kuna mwanasesere wa zamani, fanya haya:

Kwanza, usikimbilie kumwuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vya utamaduni, na havitolewi nchini bila kibali. Tena wako wanaochonga vipya, wakavifukiza moshi na kuvifukia udongoni ili vionekane vikuukuu.

Pili, usimwoshe kwa maji wala kumpaka vanishi. Mpanguse kwa kitambaa kikavu na laini. Mng'ao wa mafuta ya mikono ndiyo historia yake. Mweke mbali na jua kali, na umkague mara kwa mara: ukiona unga mdogo chini yake, wadudu wameanza kutoboa.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, andika. Nani alimchonga? Nani alimlea? Alitoka kijiji gani? Muulize mama yako angali hai.

Na kama huna, binti yako hahitaji wa dukani. Mpe gunzi na kipande cha khanga, kaa naye barazani, mfundishe kufunga mbeleko. Akikuuliza maswali ya kike, usimfukuze. Mjibu kwa upole na kwa kweli, kama mama anayemcha Mungu.

Wapagazi walitua Tura wakapumzika, kisha asubuhi wakajitwika tena, kwa kuwa mzigo ulikuwa haujafika mwisho wa safari. Bwana wetu huwaita waliolemewa wapumzike kwake. Tupumzike kwake, halafu tujitwike malezi ya binti zetu, tukayafikishe.