Mgongo wa Mercedes yetu

Wengi mmeuliza kwa nini makuta ya likelemba ya wiki mbili yaliingia garaji.

Mercedes 190 yetu ya okazioni ndiyo inayopeleka wamama kujifungua usiku kutoka Mangobo, na mchana inaleta makemba kutoka barabara ya Bafwasende. Barabara ile haina huruma. Nyuma gari lilianza kuyumba kama mtumbwi kwenye maporomoko ya Wagenia, na matairi yakalika upande wa ndani tu. Mwenye uchungu hawezi kurushwa hivyo.

Fundi wa kwanza alitaka kupachika vipande vya mpira katikati ya resori ili gari liinuke. Tulikataa, huko ni kumpaka mgonjwa poda. Tulikandamiza buti, tukaachia, gari likaruka mara nne: amotisa zimekufa. Tena 190, tangu ilipotoka mwaka 1982, ina mikono mitano kila upande wa nyuma, yenye mipira kwenye maungio. Mipira ikilika, amotisa mpya peke yake haitanyoosha gurudumu.

Basi tulinunua amotisa mbili, kushoto na kulia, pamoja na mipira yote. Mmoja wetu alisimama pale hadi jioni, maana buloni za mikono hukazwa mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira unajipinda na kupasuka mapema. Fundi wa pili alinung'unika, lakini alilala chini akakaza.

Likelemba inaendelea Jumamosi. Wawili waliosubiri watapokea kwanza.