Meseji 53 na Mtu wa Kuzijibu

Zamani malalamiko ya maji kijijini yalikuwa na njia moja: mkutano wa kijiji, kamati ya maji, barua kwa mhandisi wa wilaya, kisha kimya. Simu za bei nafuu zilipoenea, nakumbuka matumaini yalivyopanda. Shirika la Daraja, lililokuwa Njombe, Tanzania, likaanzisha mpango wa Maji Matone: bomba likiharibika mwananchi atume meseji, taarifa imfikie mhandisi, na vyombo vya habari vifuatilie. Walitarajia meseji 3,000. Hadi mwishoni mwa 2011 zilikuwa zimekuja 53. (Daraja wenyewe ndio waliotangaza matokeo hayo, jambo ambalo mashirika mengi hayathubutu.) Mtandao ulikuwa hafifu, na wachotaji wa maji ni wanawake na watoto ilhali simu mara nyingi imo mfukoni mwa baba. Lakini sababu nzito zaidi, naona, ni kwamba watu walikwisha kusema sana bila kujibiwa. Meseji ingekuwa njia mpya tu ya kunyamaziwa. Wala serikali haikukosa habari: Wizara ya Maji ilipoorodhesha makumi ya maelfu ya vituo vya maji vijijini, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havitoi maji.

Kampuni ya maji ya Nairobi ilianza na upande wa pili, yaani mtu wa kujibu. Katika mfumo wa MajiVoice kila lalamiko hupewa namba, hukabidhiwa mfanyakazi mahususi, na mkuu wake huona limekaa siku ngapi. Malalamiko yalipanda kutoka takriban 400 kwa mwezi hadi 4,000, na yaliyotatuliwa kutoka asilimia 46 hadi 94. Wapo watakaosema kupanda huko ni dalili ya huduma mbovu. Mbona basi utatuzi nao ulipanda? Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba mteja wa Nairobi ana mita na bili, na mwanakijiji mara nyingi hana. Ni kweli, ila tangu 2019 Tanzania ina RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa hiyo wa kukabidhiwa lalamiko yupo kisheria. Hata hivyo, kuripoti bomba bovu si kushiriki katika uongozi wa maji. Matumizi ya makusanyo bado huamuliwa kwenye vikao. Ili waingie vikaoni wakijua hesabu, chombo cha maji kinachopokea malipo kwa simu kiwatumie wananchi, kwa simu hiyohiyo, hesabu ya mapato na matumizi kila mwezi.