Mkoba Niliokwenda Nao Kwihara

Nilimchukua mpwa wangu matembezi ya kutwa bila kubeba kitu cha kumsaidia akiugua. Kosa ni langu. Yeye alinifuata kwa sababu mimi ni mjomba wake.

Tulitoka Kanyenye, mjini Tabora, asubuhi, mwezi wa Oktoba, kwenda kuona tembe la Livingstone, yule mpelelezi wa karne ya kumi na tisa, kule Kwihara. Ni kama kilomita 6 kutoka mjini, na kwa mtu aliyekulia Tabora huko ni jirani, si safari. Ndiyo maana wakati nafunga mkoba niliwaza picha tu. Vifaa vya usalama niliviona ni mambo ya wapanda Kilimanjaro. Pengine nawe unayo njia ya karibu unayoidharau hivyo. Nikatia kamera, daftari, chaja, vitumbua na maji chupa ndogo mojamoja.

Pale tembeni nilimsimulia kwa mapana. Nikamweleza kwamba Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa la Livingstone, mzee akabaki kuugua porini bila tiba. Na kwamba mwaka 1872 alikaa hapo Kwihara hadi Agosti akiwangoja wapagazi ambao Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliwatuma kutoka pwani. Mtoto akauliza, "Mjomba, kwa nini dawa zote walizitia sanduku moja?" Nikamjibu kama mwalimu.

Hapo tungepaswa kurudi nyumbani. Mimi nikataka vilima vya mawe vya nyuma, nikakata njia vichakani. Oktoba miombo huwa imeanza kuchipua majani mekundu kabla ya mvua, lakini kivuli chake bado chepesi, na jua la Tabora mwezi huo halina huruma. Maji yaliisha saa sita. Baadaye njia ikanipotea, kila mti ukawa sawa na mwenzake, na simu ilikuwa imezimika. Mtoto akatapika. Jasho likamkauka. Nilipomwuliza anajisikiaje, akanijibu habari za mpira.

Nikafungua mkoba. Kamera. Daftari. Waya wa chaja. Nikapapasa hadi mfuko wa chini kabisa, nikitafuta kitu nilichojua sikukiweka. Hapo ndipo kosa liliponikaa sawasawa. Asubuhi ileile nilikuwa nimehubiri habari za sanduku la dawa, nami sikuwa na pakiti moja ya ORS, wala kofia ya mtoto, wala filimbi ya kuitia watu. Na nyumbani hakuna aliyejua kwamba tumeelekea vilimani.

Aliyetuokoa ni mrina asali mwenye baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga dumu la maji, panga, tochi na kanga kuukuu. Humo porini huingia kila siku, na kila siku hubeba hivyo. Akailowesha kanga, akamfunika mtoto kichwa na shingo. "Mpe kidogo kidogo, ndugu yangu. Akinywa kwa pupa atayatapika." Kisha akampakia, akatutoa hadi barabarani.

Mtoto alilazwa, akatundikiwa dripu, akakosa masomo siku kadhaa. Dada yangu hakunigombeza. Aliniuliza tu tulibeba maji kiasi gani. Nikamwambia lita mbili kila mmoja. Nilimdanganya, na ukweli nilimweleza baadaye sana, mtoto akiwa amekwisha kupona. Tangu hapo dada hamruhusu mtoto kutoka nami nje ya mji, nami sijamwomba abadili neno lake.