Moshi wa Buluu Silibwet

Enzi za Peugeot 504, gari kula oili hakukuwa msiba katika nchi hii ya majani chai. Tuliozitazama zikipita kati ya Bomet, Silibwet na Kaplong, zimejaa watu, magunia na mitungi ya maziwa, tunaukumbuka moshi wa buluu uliozifuata mlimani, na tunakumbuka kwamba hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kuwa injini imekufa. Gari hilo lilitoka mara ya kwanza mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Kilichowafaa watu wa huku zaidi ya ushindi huo ni kwamba silinda za injini yake ya petroli zilikuwa slivu za kuchomekwa, zimezungukwa na maji ya kupozea. Fundi alizichomoa, akatia mpya pamoja na pistoni na ringi zake, na bloku ikabaki ileile. Datsun na Corolla za zamani zilikuwa na bloku nzito za chuma. Silinda ikiliwa ilipelekwa kwa wenye mashine, ikachongwa, ikatiwa pistoni kubwa kidogo. Kazi hiyo haikuwezekana kwa kukisia, kwa maana mwenye mashine aliuliza kwanza silinda imepanuka kiasi gani, na fundi aliyefika bila jibu alirudishwa. Kwa hiyo mafundi wa jua kali, hata wale ambao hawakuwahi kuingia darasa la ufundi, walijifunza kupima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya uagizaji na ya fedha za kigeni, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa. Toyota Probox, ambayo leo ndiyo teksi, lori dogo na gari la familia huku kwetu, ilizaliwa mwaka 2002. Nyingi hutembea na injini ya 1NZ, ya lita moja na nusu, ambayo bloku yake ni ya alumini na ndani ya kila silinda mna ganda jembamba la chuma lililoshikamana nayo. Ganda hilo halichomoki, na watengenezaji hawakulikusudia lichongwe. Hapo ndipo njia ya zamani ilipofungwa. Badala yake ukaja msemo unaosikika katika kila gereji: tafuta injini ya ex-Japan. Simu inapigwa Kirinyaga Road, Nairobi, injini inasafirishwa, ya zamani inashushwa, mpya inapandishwa, na mwenye gari anatoa alichonacho na alichokopa. Ninaloshikilia ni kwamba tulipoacha kuchonga tuliacha na kupima, ilhali kupima hakukuhusu kuchonga peke yake. Hasara hiyo inalipwa na mkulima kutoka kwenye bonasi yake ya chai ya Oktoba, na inaniuma, kwa kuwa ni pesa ya mwaka mzima wa kuchuma.

Tazama kipimo cha kompresheni. Kitabu cha 1NZ kinasema silinda nzima hufikisha karibu paundi 213 kwa inchi ya mraba, kikomo cha chini ni 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Namba hizo ni za hewa nzito ya usawa wa bahari. Silibwet iko katika kimo cha takriban mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kwa kama moja ya tano, na injini haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuivuta. Kwa hiyo injini iliyo mpya kabisa itasoma hapa karibu 168. Ile iliyochakaa kiasi, ambayo Mombasa ingesoma 180 na kuachwa iendelee na kazi, huku itasoma karibu 142, na fundi mwaminifu mwenye kitabu mkononi ataihukumu kwamba imekwisha. Kinachofaa kutazamwa kwetu ni ulingano wa silinda zote nne kuliko ukubwa wa namba. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, upime tena: namba ikiruka juu, ringi zimechoka, isiposogea, tafuta kwenye valvu au gasketi ya kichwa.

Fundi mjuzi atapinga hapa, na ana haki. Atasema kompresheni hupima ringi mbili za juu tu, na mlaji wa oili mara nyingi ni ringi ya tatu, ile ya kukwangua oili. Ni kweli. Katika injini za siku hizi ringi hiyo imefanywa nyembamba na laini ili kupunguza msuguano na kuokoa petroli, na ikikosa kubadilishiwa oili kwa wakati huganda kwa masizi. Toyota yenyewe iliwahi kugharamia nchini Marekani ukarabati wa injini za 2AZ kwa ulaji wa oili wa namna hiyo, na kigezo chake cha kukubali kwamba kuna tatizo kilikuwa takriban lita moja katika kilomita 1,900. Lakini pingamizi hilo linaongeza nguvu ya hoja yangu. Kompresheni ikiwa nzuri na oili bado inapungua, umejua kwamba silinda hazijaliwa, na kwamba tatizo huenda likaondoka bila kushusha chochote.

Moshi nao husema mengi kwa anayeutazama bila haraka. Ukitoka asubuhi gari linapowashwa kisha ukapotea, au ukifumka dereva anapokanyaga mafuta mwishoni mwa mteremko mrefu, washukiwa ni sili za valvu. Na nchi hii ina miteremko ya kutosha kufanyia jaribio hilo bila gharama. Ukiongezeka gari likipanda na mzigo, ni ringi. Kabla ya yote mawili kuna valvu ya PCV, ile ndogo inayorudisha pumzi ya injini ndani ichomwe: ikiziba, injini hutafuta pa kupumulia na kusukuma oili kusikotakiwa. Ni spea ya bei ndogo, na hubadilishwa bila kufungua injini. Sili za valvu hubadilishwa bila kung'oa kichwa, ikiwa fundi atasokomeza kamba safi kupitia tundu la plagi, ijae juu ya pistoni na kuzishikilia valvu mahali pake zisidondoke. Ringi iliyoganda hulowekwa usiku kucha kwa dawa ya kuyeyusha masizi. Kesho yake injini huzungushwa plagi zikiwa nje, la sivyo dawa hiyo itapinda konrodi, kisha oili yote humwagwa na kutiwa mpya. Kuloweka hakuponyi kila injini. Ringi iliyolika haifufuki kwa dawa.

Wapo wanaosema dawa rahisi ni oili nzito. Oili ya 20W-50 ilizifaa injini za zamani na tumeirithi kama mazoea. Itapunguza moshi, lakini asubuhi ya baridi ya Silibwet hupanda polepole, na vijitundu vya VVT-i, mfumo wa kurekebisha majira ya valvu, vilitengenezewa oili nyepesi. Wengine wanasema kuongeza lita moja mara kwa mara ni nafuu kuliko ukarabati wowote. Hao nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, mradi kijiti cha oili kichomolewe kila asubuhi kabla ya gari kutoka. Injini ya 1NZ hubeba lita 3.7 tu. Ikipungua mbili bila mtu kujua, itanoki, na hapo hakuna tena la kupima.

Pingamizi zito kuliko yote ni la dereva mwenye hesabu ya kila siku: gari likilala gereji siku tatu, familia inalala njaa, na injini ya ex-Japan inarudisha gari barabarani upesi. Nalielewa. Lakini kupima kompresheni ni kazi ya saa moja, na injini inayotoka Kirinyaga Road ni ya muundo uleule, yenye ringi zilezile, imetembea kilomita ambazo hakuna wa kuzithibitisha. Juu yake kuna gharama ya kubadilisha namba ya injini katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gharama ambayo wengi huikumbuka siku ya kuuza gari.

Kwa hiyo, mwenye gari, Oktoba ikifika na fundi akikuambia injini imechoka, mwombe akuandikie kwenye karatasi namba za silinda zote nne, kavu na zenye oili. Asipokuwa na geji, lipeleke gari kwa aliye nayo kabla hujamlipa yeyote kushusha injini.