Ahadi Nilizozihesabu Kama Fedha

Nilipokuwa mratibu wa sekretarieti ya ushirikiano wa utafiti, nilitangaza mwito wa pamoja wa kuomba fedha za utafiti kwa nchi nne huku nikiwa na uhakika wa fedha za nchi mbili tu, na sikumwambia mtu. Hakuna aliyenishurutisha. Nilinyamaza hadi mambo yakajifichua yenyewe, na walioumia hatukuwa sisi wa ofisini. Waliumia watafiti waliotuamini, na nyuma yao wakulima waliowapa watafiti hao mahindi yao yapimwe. Nchi zilizohusika sizitaji, kwa sababu kosa ninaloungama ni langu.

Mwito ulihusu sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga. Wazo lenyewe lilikuwa jema na bado naliamini. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyohiyo, malori yakapanga foleni mpakani, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti. Mahindi ya nchi moja husagwa katika nchi ya pili na kuliwa katika ya tatu, lakini fedha za kuyachunguza hutolewa na kila serikali kwa watafiti wake, kwa fomu zake na kwa kalenda yake. Tulitaka watafiti wa nchi hizo nne waandike andiko moja, lisomwe na jopo moja, na jibu liwe moja.

Utaratibu tuliouchagua ni wa kawaida katika miito ya namna hii: mfuko unakuwa wa pamoja kwenye karatasi tu. Kila nchi inatenga kiasi chake na kuwalipa watafiti wake yenyewe. Hakuna shilingi inayovuka mpaka. Sababu inaeleweka, kwani si rahisi Hazina ikubali kodi ya wananchi wake imlipe mtafiti wa nchi nyingine. Ila utaratibu huo una udhaifu ambao kila mratibu anapaswa kuujua. Mradi wa nchi tatu unahitaji nchi zote tatu zilipe. Moja ikikwama, mradi mzima unakwama, hata kama ndio ulioongoza kwa alama.

Niliujua udhaifu huo. Barua za ahadi zilipofika, mbili zilitaja kasma ya bajeti, mwaka wa fedha na afisa masuuli aliyeidhinisha. Mbili nyingine zilisema nchi husika inaunga mkono mwito kwa dhati na itachangia kulingana na upatikanaji wa fedha. Yeyote aliyefanya kazi serikalini anajua maneno hayo yana uzito gani, na mimi nilijua. Hata hivyo niliweka viwango vyote vinne katika jedwali moja, safu moja, nikavijumlisha, na jumla hiyo ndiyo tuliyoitangaza. Kamati yoyote ya harusi ina daftari lenye safu mbili, ya walioahidi na ya waliotoa, na mweka hazina hathubutu kulipia ukumbi kwa safu ya kwanza. Mimi nilizichanganya hizo safu mbili, na hazikuwa fedha za harusi. Zilikuwa fedha za umma.

Kulikuwa pia na suala la kalenda, ambalo nililiona na kuliacha. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mmoja wa wenzetu mwaka wake unaanza Januari. Maana yake, hata kama angepewa fedha zote, zingefika nusu mwaka baada ya zetu. Na zetu zisipotumika hadi 30 Juni, zinarudi Hazina.

Jopo lilikaa, likafanya kazi yake kwa haki. Andiko lililoongoza liligawa kazi vizuri: timu ya nchi yetu ikusanye mahindi vijijini, timu ya nchi ya pili ichunguze namna yanavyohifadhiwa, na maabara ya nchi ya tatu, iliyokuwa na mashine bora kuliko zetu, ipime sampuli zote. Nchi hiyo ya tatu ilikuwa mojawapo ya zile mbili zilizoahidi kwa dhati. Niliwaandikia washindi kuwapongeza na kuwataka waandae mikataba. Kisha kwa hofu ya 30 Juni, tukailipa timu yetu, nayo ikaingia kazini mara moja ili kuwahi mavuno. Baada ya hapo likaja jibu kutoka nchi ile ya tatu: kasma haina fedha mwaka huu, tusubiri bajeti ijayo.

Hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Watafiti walipouliza, niliwajibu kwamba mchakato unaendelea. Wakauliza tena, nikawajibu vilevile.

Baadaye nilikwenda kuziona sampuli. Zilikuwa katika bahasha za kaki, zimepangwa kwenye friza la chuo, kila moja ina jina la kijiji, tarehe ya kuvuna na namba ya kaya, kwa mwandiko wa kalamu ya wino uliokwishaanza kufifia kwa unyevu. Umeme ulikuwa umekatika mara kadhaa. Mahindi yakipata unyevu na joto, kuvu huendelea kuota na sumu huongezeka, kwa hiyo kipimo kinachofanyika baadaye hakisemi tena mkulima alikula nini. Mtafiti mkuu, kijana mpole, alifunga friza akaniambia, "Mama, ungetuambia tu kwamba fedha hazipo. Tungepima hapahapa kwa vipimo vya haraka, visingekuwa sahihi sana, lakini wale wazee tungewajibu kabla hawajamaliza ghala." Sikuwa na la kusema. Familia zile ziliendelea kula mahindi yale bila kujua.

Siwezi kujitetea kwamba jambo hili lilikuwa geni. Ulaya walilipitia kabla yetu na wakaliandika wazi. Ushirikiano wa EDCTP, unaogharimia majaribio ya dawa na chanjo barani Afrika, ulianzishwa mwaka 2003. Tume ya Ulaya iliweka euro milioni 200 na nchi wanachama zikatarajiwa kuweka kiasi kama hicho. Miaka ya mwanzo mambo yalikuwa mazito, kwa sababu fedha za nchi zilifungwa na taratibu zao, na sehemu ya michango ilikuwa miradi yao wenyewe iliyohesabiwa kuwa ya pamoja. Katika miito ya pamoja ya baadaye ya nchi za Ulaya, iitwayo ERA-NET, chini ya programu ya utafiti ya Horizon 2020, Umoja wa Ulaya uliongeza hadi asilimia 33 ya gharama, na nyongeza hiyo ikasaidia kuziba pengo nchi moja ilipoishiwa na kuokoa maandiko yenye alama za juu. Ujerumani, Austria na Uswisi nazo zilikubaliana kwamba chombo kimoja kitathmini andiko, wengine wauheshimu uamuzi wake, kila mmoja alipe wa kwake. Niliyasoma hayo yote kabla ya mwito wetu. Nilichukua fomu zao na ratiba yao, nikaacha kinga zao.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza. Niliogopa kuiaibisha nchi rafiki, hafla ya kutia saini ilikwishapangwa, na nchi nne zilionekana kubwa kuliko mbili. Niliwastahi waliokaa meza kuu nikawasahau waliokuwa shambani.

Kwa wenzangu mnaoratibu miito ya aina hii, nawasihi msitangaze kiasi chochote kabla hamjaona kasma, mwaka wa fedha na saini ya afisa masuuli. Wekeni kalenda za bajeti za nchi zote juu ya meza kabla ya kupanga tarehe ya mwito. Andikeni katika makubaliano ni nini kitafanyika mshirika asipolipa: nani ataziba, kwa kiasi gani, au mradi utapunguzwaje. Na fedha zikikosekana, watafiti waambiwe siku hiyohiyo, kwa sababu mtafiti anayejua ukweli anaweza kubadili mpango, na anayedanganywa hawezi.

Kwa timu ile, na kwa kaya zilizotoa mahindi yao, naomba radhi. Fedha za nchi mbili zingetosha mwito mdogo, wenye maabara ndogo na kazi chache, na kila mmoja wenu angepimiwa na kupata jibu lake. Hilo ndilo nililopaswa kulitangaza.