Wawili Kwenye Stika Moja

Nilipoanza kukusanya kadi za wanasoka nilitaka kila kitu. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila aliporudi Dar es Salaam aliniletea alichokipata kwenye bandari za Ulaya: kadi za Uingereza zilizouzwa pamoja na bigijii, vikadi vya zamani vilivyotoka kwenye pakiti za sigara kabla ya Vita Kuu ya Pili, na stika za Panini, kampuni ya Modena, Italia, iliyotoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 1970. Zote zililala kwenye sanduku moja, Stanley Matthews akiwa juu ya Johan Cruyff.

Baadaye nikaanza kuzipanga kwa miaka, kisha kwa klabu. Kwa muda nilijifunga kwenye ligi ya Uingereza ya miaka ya 1970, maana ndiyo tuliyoisikia redioni. Kadi ziliongezeka, hamu ikapungua. Nikikosa beki fulani wa Leeds sikuumia, wala nikimpata sikuwa na la kumweleza mtu juu yake.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge Kariakoo. Nilimwonyesha albamu ya mwaka 1974 na akaufungua moja kwa moja ukurasa wa Zaire, kama nchi yake ilivyoitwa wakati huo. Akaanza kunihadithia: Kazadi Mwamba, kipa, na Mwepu Ilunga, wote wa klabu ya nyumbani kwake, ile iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert. Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika Machi ya mwaka ule wa 1974. “Mwanangu,” akaniambia, “watu wanakumbuka tu mabao tisa waliyofungwa na Yugoslavia. Hawa walikuwa mabingwa wa Afrika.” Alizungumza Kiswahili cha kwao, nami nikamsikiliza mpaka akafunga duka.

Tangu siku hiyo nilijua ninachotafuta: timu za Afrika kwenye Kombe la Dunia, kuanzia 1970 hadi 1990. Mpaka huo una sababu. Mwaka 1970 Moroko ilitoka sare ya 1–1 na Bulgaria, ikaipatia Afrika pointi yake ya kwanza. Mwaka 1990 Kamerun ilifika robo fainali. Katikati yake ipo safari nzima.

Eusébio ndiye aliyenitesa. Mzaliwa wa Msumbiji, jirani yetu kabisa, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la mwaka 1966 kwa mabao 9, lakini akiwa na jezi ya Ureno. Mário Coluna, nahodha wa timu ile, naye ni wa Msumbiji. Nilizitoa kadi zao, nikazirudisha, nikazitoa tena. Mwishowe nikawapa albamu yao ya pembeni, kwa kuwa historia yao inaeleza ukoloni, na ile ya Zaire inaeleza nchi zilizokwisha kujitawala. Mkusanyaji mwingine angeamua vingine na nisingebishana naye.

Mpaka huu ulinifungua macho kuhusu jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Kwenye albamu ya Panini ya mwaka 1982, mchezaji wa Brazil au Italia ana stika yake peke yake. Wa Algeria na Kamerun wamebanwa wawili wawili kwenye stika moja, sawa na wa Kuwait na Honduras. Algeria hiyo hiyo iliifunga Ujerumani Magharibi 2–1 mjini Gijón, kwa mabao ya Rabah Madjer na Lakhdar Belloumi. Kamerun haikufungwa hata mchezo mmoja; ilitoka sare zote tatu. Kila nikizitazama stika zile nasikia uchungu, na ndiyo sababu nazitafuta kwa bidii kuliko zile za Pelé ambazo kila mnada unazo.

Kama kwenu kuna kasha la mzee lenye picha za namna hii, msilichome wala kuliuza kwa kilo. Tafuteni kwanza kurasa za Afrika, na mumwulize mzee majina ya wale waliomo angali anayakumbuka.