Siku ya Mapumziko Katika Mwitu wa Luano

Tarehe 17 Januari ni siku ya mapumziko katika nchi yetu. Siku hiyo, mwaka 1961, ndege iliwaleta Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito katika uwanja wa Luano, na usiku uleule wakauawa porini. Kwa hiyo sisi wakaaji wa Luano hatuwezi kuipokea kama siku ya starehe tu. Hata hivyo ni siku ya kupumzika, na safari hii nilipenda kupumzika kwa kutembea. Nikamwalika dada yangu mkubwa, nikawachukua wanangu wawili, tukaingia mwituni asubuhi bila haraka.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ukungu ulitanda kati ya miti hata tukaviona vichuguu kama nyumba za watu waliolala. Ndugu zetu wa Kivu wanao msitu wa mawingu kule Kahuzi, ambako ukungu hukaa juu ya mianzi karibu mwaka mzima. Miombo yetu ni mwitu wa nchi kavu. Tangu mwezi wa tano hadi wa tisa haioni mvua karibu hata tone. Ndiyo sababu asubuhi moja ya ukungu kwetu ni zawadi. Dada alituonyesha uyoga uliochipuka penye vichuguu, na mti wa musuku ambao matunda yake tuliyagombania utotoni. Watoto walinyamaza wenyewe. Nami nilisikia moyo wangu ukitulia, jambo ambalo sikulipata kwa miezi mingi.

Kisha ukungu ukainuka, tukaona kwamba miti imekwisha. Mbele yetu kulikuwa na visiki tu, na katikati yao tanuri la makala: magogo yamepangwa, yamefunikwa kwa majani na udongo, moshi ukitoka polepole. Mzee mmoja alikuwa akiziba nyufa kwa jembe ili moto usipate hewa nyingi. Tukamwamkia. Mwanangu mdogo, asiyejua adabu za watu wazima, akamwuliza: « Baba, kwa nini unaua miti? »

Nikaona haya, nikataka kumkemea mtoto. Lakini mzee alicheka, akanigeukia mimi: « Mama, wewe unapika bukari kwa kitu gani? »

Sikuwa na jibu. Nyumbani kwangu umeme huja na kwenda unavyotaka, na gunia la makala halikosekani kando ya mlango. Nilikuwa nimekuja kupumzika katika mwitu ambao mimi mwenyewe naumaliza, chungu kwa chungu. Mzee hakunilaumu. Alitueleza kwamba kisiki cha muombo hakifi upesi. Kikiachwa na mizizi yake, na moto wa kiangazi usipokipitia, huchipua tena. « Shida ni kwamba hatukipi muda, » alisema. « Mji unaomba makala kila siku. »

Katika kitabu cha Mwanzo mwanadamu anapewa kazi mbili za bustani: kuilima na kuitunza. Mara nyingi tumezoea kuwahukumu wakata miti kwamba wameisahau ile ya pili. Siku ile nilitambua kwamba mkono wa mzee yule na mkono wangu unaokoroga bukari ni mikono ya kazi moja. Yeye hawezi kuacha peke yake, wala mimi siwezi kujitakasa kwa kumnyoshea kidole.

Tulirudi jioni tukiwa tumechoka vizuri. Niliwasha mbabula, kwa maana watoto walikuwa na njaa, na hakuna fikara inayoshibisha. Ila tangu jioni ile maharagwe yanalowekwa usiku kabla ya kupikwa, chungu hakikosi kifuniko, na makala yanayobaki nayazima yatumike kesho. Gunia lililokuwa likiisha mwezi, sasa linapita mwezi kwa siku kadhaa. Ni kidogo sana. Lakini ndugu wasomaji, siku hizo chache zikikusanywa kutoka nyumba zetu zote, huenda ndizo muda ambao kisiki cha mzee yule kinauomba.

Mwanangu ameniomba turudi kule, aone kama kimechipua. Nimemwahidi.